Ghafi ya jani la muhogo: mafaili ya Mikocheni yatunzwe kwa fomati gani?

Mwaka 2018 watafiti wa muhogo kutoka Tanzania, Uganda, Kenya na Australia walitangaza kwamba wamesoma jenomu nzima za virusi vya batobato kwa kutumia MinION, mashine ya kusoma vinasaba inayoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta kupitia tundu la USB. Kwa upande wa Tanzania kazi hiyo ilihusisha taasisi ya utafiti wa kilimo ya Mikocheni, Dar es Salaam, iliyojulikana kama MARI na ambayo leo ni TARI Mikocheni, Dk. Joseph Ndunguru akiwa miongoni mwa viongozi wa mradi. Majibu yaliyokuwa yakisubiriwa hadi miezi sita yalipatikana ndani ya saa 48 tangu jani lichumwe. Mwaka uliofuata kundi hilo likaeleza jinsi lilivyofanya kazi yote kando ya shamba kwa muda usiofika saa nne.

Habari ya saa 48 ilisambaa. Mafaili yaliyobaki nyuma yake hayakuzungumzwa, na ndiyo yanayowachanganya watu hadi sasa. Miongozo ya miaka ile inasema data ghafi iko kwenye FAST5. Mashine iliyonunuliwa juzi inatoa POD5. Programu fulani ya bure inataka BLOW5. Mwanafunzi wa uzamili anaomba CSV ili afungue kwenye Excel, na msimamizi wa bajeti anauliza kwa nini diski imejaa ilhali ripoti ya mwisho ina kurasa chache tu. Wote wanagusa jambo lilelile: kihisi kikishaandika mabilioni ya namba kwa mfumo wa bainari, namba hizo zigeuzwe kuwa nini, zihojiwe vipi, na zipi zinaweza kutupwa bila majuto?

Umeme kwanza, herufi baadaye

MinION haioni herufi za DNA. Ndani ya chipu yake kuna utando wenye vitundu vya protini (nanopore), na uzi wa DNA unapopenya kwenye kitundu hubadilisha mkondo wa umeme unaopita humo. Kihisi hupima mkondo huo mara 4,000 kwa sekunde katika chipu za kizazi cha R9.4.1, zilizotamba miaka ile. Mwaka 2023, kwa chipu za R10.4.1, kasi ilipandishwa hadi 5,000. Chaneli 512 hupima kwa wakati mmoja. Programu ya pembeni, yenye mtandao wa neva uliofundishwa kwa mifano mingi, ndiyo inayofasiri panda-shuka ya umeme kuwa A, C, G na T.

Tupige hesabu, maana mjadala wote umesimama hapa. Kipimo kimoja huchukua baiti mbili. Chaneli 512 zikipima mara 4,000 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti nne na ushei kila sekunde, karibu gigabaiti 15 kwa saa, kabla data haijabanwa na endapo chaneli zote zina kazi, jambo ambalo ni nadra. Uzi wa DNA hupita kwa kasi ya takriban herufi 450 kwa sekunde. Kwa hiyo kila herufi hubeba vipimo tisa hivi, yaani baiti 18, wakati katika faili la FASTQ herufi hiyohiyo pamoja na alama ya ubora wake huchukua baiti mbili tu. Ghafi ni nzito mara tisa kuliko jibu.

Jenomu ya virusi vya batobato ina vipande viwili vya duara, kila kimoja kikiwa na herufi 2,750 hivi. Kipande kizima kikipita kwenye kitundu hutumia sekunde sita, huacha vipimo kama 24,000 na kuchukua kilobaiti 49. Ni kidogo. Tatizo ni kwamba jani la muhogo limejaa DNA ya muhogo wenyewe, na vipande vya virusi vimezama humo.

Kishawishi cha CSV

Wanaotaka maandishi wazi wana hoja. Faili la CSV husomeka kwa jicho, hufunguliwa na programu yoyote, na halimtegemei mtengenezaji yeyote wa mashine. Kwa kumfundisha mwanafunzi umbo la mawimbi ya kipande kimoja, hakuna kinachoishinda.

Nje ya darasa inakwama haraka. Kipimo kilichoandikwa kama 87.43 na mkato wake huchukua baiti sita badala ya mbili, kwa hiyo faili hunenepa mara tatu kabla kazi haijaanza. Excel ina ukomo wa mistari 1,048,576 kwa karatasi moja. Chaneli moja tu kati ya 512 huujaza ukomo huo kwa dakika nne na sekunde ishirini na ushei.

Hasara kubwa zaidi haionekani kwenye diski. Namba zilizo ndani ya faili la bainari si pikoampea. Ni namba kamili zinazotoka moja kwa moja kwenye kifaa, na ili zipate maana lazima kila moja iongezwe thamani ya kusawazisha ya chaneli yake, kisha izidishwe kwa upana wa kipimo na kugawanywa kwa idadi ya ngazi za kigeuzi, ambazo kwa MinION ni 8,192. Thamani hizo hukaa kwenye vichwa vya habari vya faili. Anayechopoa safu ya namba peke yake na kuimwaga kwenye CSV ameacha ufunguo ndani ya nyumba.

Muda nao una mtego wake. Mwanzo wa kila kipande huandikwa kwa kuhesabu vipimo tangu mashine ianze kazi, wala hauandikwi kwa saa ya ukutani. Namba 14,400,000 ni saa moja kamili kwa kasi ya 4,000. Asiyejua kasi akachukulia ni 5,000, atasema ni dakika 48. Saa ya kuanza kazi yenyewe imeandikwa kwa UTC: kazi iliyoanza saa kumi alasiri Mikocheni itaonekana kama 13:00, kompyuta ya maabara itasema 16:00, na daftari la shambani litakuwa na “saa 10”. Namba tatu kwa tukio moja, na zote ni sahihi.

FAST5 na mzigo wa urithi

FAST5 haikuwa uvumbuzi mpya. Ni HDF5, fomati iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Illinois mwishoni mwa miaka ya 1990 na inayotumika hadi kwenye data za setilaiti za NASA, iliyopangwa kwa utaratibu wa Oxford Nanopore, kampuni ya Uingereza inayotengeneza MinION. Nguvu yake ni kwamba inajieleza: ukiifungua unakuta makabrasha ndani ya makabrasha, kila data na jina lake, na zana za kuisoma zipo kwa Python, R na MATLAB. Mtafiti aliye mbali na kampuni aliweza kuichimba bila kuomba ruhusa.

Udhaifu wake ulianza kuonekana data zilipokuwa nyingi. Maktaba ya HDF5 hufunga mlango kila inaposoma: hata kompyuta iwe na viini 48, hupita kimoja tu kwa wakati. Viini vingine husubiri, na umeme unalipiwa. Mpangilio wa ndani ulibadilika mara kadhaa pia. Kwanza kila kipande kilikuwa na faili lake, kabrasha moja likajaa mafaili madogo yasiyohesabika, na kulinakili kwenye diski ya nje ikawa adhabu. Baadaye vipande 4,000 vikawekwa pamoja kwa kawaida. Programu iliyoandikwa kwa mpangilio wa zamani huukataa mpya, na mtumiaji hudhani faili lake limeharibika. Hapa ndipo sehemu kubwa ya mkanganyiko ilipozaliwa.

Tena kuna suala la kuhoji. Vipande milioni moja hugawanywa katika mafaili 250. Vipande 300 vya virusi unavyovitaka vimetawanyika humo bila utaratibu, kwa sababu mashine huandika kipande kinapomaliza kupita, haijui ni cha nani. Pasipo faharasa, kuvipata ni kufungua mafaili yote 250. Na kwa mji ambao umeme hukatika bila kubisha hodi, faili la HDF5 lililokatizwa katikati ya kuandikwa laweza kugoma kufunguka kabisa; nafuu ni kwamba kinachopotea ni fungu hilo, si kazi nzima.

Warithi wawili wasioelewana

Wa kwanza ni SLOW5, jina la utani kwa kitu chenye kasi. Ilitoka Taasisi ya Garvan ya Sydney, na makala yake ilichapishwa katika jarida la Nature Biotechnology mwaka 2022. Ina sura mbili: ya maandishi, inayosomeka kama jedwali, na ya bainari iliyobanwa, inayoitwa BLOW5. Kila kipande ni mstari mmoja unaojitegemea, na pembeni kuna faili dogo la faharasa linaloonyesha kila kipande kinaanzia wapi. Hakuna mlango unaofungwa, kwa hiyo viini vyote husoma kwa pamoja. Waandishi wake walionyesha kazi ya kutambua alama za metili (alama za kikemia juu ya DNA zinazosomeka kutoka kwenye mawimbi ya umeme) katika jenomu ya binadamu ikishuka kutoka zaidi ya wiki mbili hadi saa 10 na nusu hivi. Ni madai ya wenye kitu chao, ila sababu yake ya kiufundi inaeleweka na mtu yeyote anaweza kuijaribu.

Kwa nchi zenye intaneti ya kupima kwa kifurushi, BLOW5 ina mvuto wa ziada. Kundi hilohilo lilitengeneza slow5curl, zana inayotumia faharasa kuchota vipande vichache kutoka kwenye faili lililo kwenye seva ya mbali bila kulipakua lote. Kwa mtu wa Mikocheni anayetaka mawimbi ya virusi kutoka kwa mwenzake wa Kampala, tofauti ni kati ya megabaiti kadhaa na mamia ya gigabaiti. Maelezo ya fomati ni mafupi, maktaba yake ya lugha ya C haina utegemezi mwingi, na ile sura ya maandishi ni bima ya muda mrefu. Mtaalamu wa mimea Warburg aliandika kuhusu batobato ya Usambara mwaka 1894 na maandishi hayo yanasomeka hadi leo. Ni faili gani la bainari la 2018 litakalosomeka mwaka 2142?

Kasoro yake ni moja na ni nzito: mashine haiandiki BLOW5. Lazima mtu ageuze, na kila ugeuzaji ni hatua inayohitaji muda, nafasi ya muda ya diski na ukaguzi. Programu rasmi ya kampuni ya kusoma herufi, Dorado, haiipokei moja kwa moja. Hupitishwa kwenye zana za watu wa nje kama buttery-eel, ambazo zinategemea juhudi za kundi dogo.

Mrithi wa pili ni POD5 ya Oxford Nanopore wenyewe, iliyojengwa juu ya Apache Arrow. Ndani yake mna majedwali matatu: la vipande, la mawimbi na la taarifa za kazi nzima. Data hupangwa kwa safu, kwa hiyo anayetaka kujua urefu na chaneli ya kila kipande hupitia jedwali la vipande bila kugusa mawimbi. Hiyo ni faida halisi kwa anayehoji. Mashine huiandika moja kwa moja, Dorado imejengwa kwa kuitegemea, na zana zake za kuchuja, kuunganisha na kugeuza kutoka FAST5 ni za bure.

Lakini mmiliki ni mmoja. Aliyeamua kuacha FAST5 ni yuleyule atakayeamua hatima ya POD5, na maabara ya umma haina kura. Arrow nayo ni maktaba kubwa. Kuisimika kwenye kompyuta ya zamani isiyo na intaneti ni kazi ya siku, wakati ile ya BLOW5 hujengwa kwa dakika chache. Mvutano wa kambi hizi mbili umekuwa mkali kupita kiasi, kwa maoni yangu, kwa kuwa zana ya blue-crab hugeuza POD5 kuwa BLOW5 na kurudi bila kupoteza mawimbi.

Kwa nini tusifute tu?

Kambi nyingine inasema tubaki na herufi, tutupe umeme. Ina mfano mzuri: mashine za Illumina zilianza kwa kuhifadhi picha za kila mzunguko, na baada ya muda watu wakaziacha, sayansi ikaendelea. Ghafi yenye uzito mara tisa ya jibu ni mzigo kwa taasisi inayogombania bajeti ya mbolea ya majaribio.

Mfano huo unachechemea mahali pamoja. Programu za kufasiri umeme wa nanopore zimeendelea kuboreka mwaka hadi mwaka, na mawimbi yaliyosomwa vibaya mwaka 2018 yanaweza kusomwa upya kwa usahihi zaidi leo, bila kurudi shambani. Kwa virusi hili lina uzito, kwa sababu makosa machache kwenye herufi 2,750 yanatosha kuonyesha aina mpya isiyokuwepo. Kwa upande mwingine, kama DNA ilikuzwa kwa PCR kabla ya kusomwa, alama za metili zimekwisha kufutika na sababu mojawapo ya kutunza umeme imekwenda nazo.

Kuna njia ya kati isiyozungumzwa vya kutosha: kuhoji kwanza, kufuta baadaye. Vipande hupangwa makundi matatu baada ya kulinganishwa na jenomu zinazojulikana. Vya muhogo, ambavyo ndivyo vingi, mawimbi yake yanaweza kuachwa. Vya virusi vinavyojulikana vitunzwe. Vile visivyofanana na chochote vitunzwe pia, tena kwa uangalifu zaidi, maana kama kuna kirusi kipya shambani, kimo humo. Zana za POD5 na za BLOW5 zote hupokea orodha ya vitambulisho na kuchopoa vipande hivyo tu. Uamuzi huu una gharama yake: mwenye kutaka kuchunguza jenomu ya muhogo baadaye atakuta umeme wake haupo.

Faili halijui shamba

Mjadala wa fomati hujificha nyuma ya swali ambalo hakuna fomati inayolijibu. Mtaalamu wa ugani hataulizia chaneli ya 214. Atataka kujua: katika sampuli za mashamba ya Pwani, ni aina gani za mbegu zilikuwa na virusi viwili kwa pamoja, na nzi weupe wanaoeneza virusi hivyo walikuwa wangapi? Faili la bainari linajua namba ya chipu, toleo la programu na sekunde ya kuanza. Halijui kijiji, mbegu, umri wa mmea wala kama majani yalikuwa na michirizi kahawia. Nafasi pekee ya kuunganisha ni kisanduku cha jina la sampuli, ambacho mtumiaji hujaza kwa kuandika chochote, na wengi huandika “jaribio 2”.

Kwa hiyo kuhoji kunakofaa hufanyika nje ya faili la mawimbi. Kutoka POD5 au BLOW5 hutolewa jedwali jepesi lenye mstari mmoja kwa kila kipande: kitambulisho, muda, urefu, ubora, kirusi kilichofanana nacho, msimbo wa sampuli. Jedwali hilo likiwekwa kwenye SQLite au Parquet na kusomwa kwa DuckDB, kompyuta ya kawaida hujibu maswali ya vipande milioni kwa sekunde chache. Pembeni huwekwa jedwali la mashamba, na msimbo wa sampuli ndio unaoyaunganisha. Mawimbi hulala kwenye diski mpaka kitambulisho fulani kiitwe.

Ni hapa pia sheria inapoingia. Mawimbi ya muhogo hayamhusu mtu, ila majiranukta ya GPS ya shamba pamoja na jina la mkulima ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Majedwali mawili yaliyotengana hurahisisha kugawa moja na kulinda jingine. Faili lililochanganya yote halitoi nafasi hiyo.

Mizani inaelekea wapi

Kwa kazi mpya, sioni sababu ya maabara ya Dar es Salaam kupigana na mashine yake. POD5 ibaki fomati ya kuingilia, kwa kuwa kila hatua ya kugeuza inayoepukwa ni kosa moja linaloepukwa. Kwa akiba ya miaka mingi na kwa kubadilishana data kati ya nchi, BLOW5 ina hoja bora: maelezo mafupi, sura ya maandishi, uchotaji wa mbali. CSV ibaki darasani.

Mafaili ya zamani ya FAST5 ndiyo yenye haraka. Zana zinazoyafahamu bado zipo, ila programu mpya za kusoma herufi zinaelekea upande mwingine, na kizazi cha R9.4.1 kimekwisha kukipisha cha R10.4.1. Kuyageuza ni kazi inayopimika: hesabu vipande kabla na baada, geuza sampuli kadhaa kurudi zilikotoka na ulinganishe kipimo kwa kipimo, hakikisha thamani za kusawazisha zimehama, kisha ndipo ufute. Kulinganisha alama za ukaguzi za faili zima hakusaidii, kwa sababu fomati tofauti haziwezi kutoa alama moja hata data ikiwa ileile.

Kompyuta hufanya sehemu hiyo usiku kucha bila usimamizi. Sehemu isiyofanywa na kompyuta ni jedwali la mashamba: msimbo ulioandikwa kwa kalamu kwenye mfuko wa jani, daftari lenye “saa 10”, fundi aliyekuwepo siku hiyo na ambaye bado anakumbuka “jaribio 2” lilitoka wapi. Bajeti ya kazi ya aina hii huandikwa ikiwa na diski na kompyuta. Iandikwe pia siku za huyo fundi, kabla hajastaafu au kuhamia mradi mwingine.